Kabla hujanunua dume wa Dorper, waangalie majike ulionao

Kila Idd el-Hajj ikikaribia napigiwa simu na watu wanaotafuta dume wa Dorper, na swali ni lile lile: ana kilo ngapi? Mimi nafuga kondoo wa nyama Kajiado, na siku hizi namjibu mtu kwa kumuuliza: majike wako ni wa aina gani, na malisho yako ni makavu au yana unyevu? Wengine hukasirika, wakidhani naringa na madume wangu.

Dorper hana ubaya. Alipatikana Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumpandisha Dorset Horn wa Uingereza kwa yule kondoo mwenye kichwa cheusi wa asili ya Usomali, ambaye kule humwita Persian. Kwa Dorset alirithi unene na kukua haraka, na kwa Persian uwezo wa kuishi pakavu. Mwanawe akishiba hujaa mgongo na mapaja mapema, na dalali akimpapasa kiunoni hana la kubisha.

Shida yake ni minyoo, hasa yule anayenyonya damu tumboni, Haemonchus. Miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga Dorper na Red Maasai, kondoo wa asili wa Wamaasai, pamoja kule Diani, Pwani, kwenye joto na unyevu. Wana wa Dorper walikufa wengi zaidi, na kinyesi chao kilikuwa na mayai mengi zaidi ya minyoo. Ukihesabu mazao ya kundi zima, Red Maasai, mdogo na mwenye mkia wa mafuta, ndiye aliyemwacha mwenzake mbali. Kwenye ranchi ya Kapiti, Machakos, ambako ni pakavu, pengo halikuwa kubwa namna hiyo. Kwa hiyo anayekwambia Dorper ndiye bora, au Red Maasai ndiye bora, muulize kwanza ni wapi.

Hesabu ya nyama ninayoiamini ni moja: kwa mwaka, kila jike amefikisha kilo ngapi sokoni? Mwana aliyekufa na miezi mitatu hana kilo, hata baba yake awe na mwili wa ndama.

Kwangu majike ni Red Maasai, dume ni Dorper, na machotara wote huuzwa. Wote, hata yule jike mzuri anayekushika macho. Chotara wa kizazi cha kwanza ndiye mwenye nguvu ya mseto kamili, yaani ule ubora wa ziada unaotokana na kuchanganya aina mbili. Ukiwapandisha machotara wao kwa wao, nusu ya nguvu hiyo inapotea. Na ukizidi kuwapandisha mabinti kwa Dorper, kizazi cha tatu kimebaki na damu ya Red Maasai sehemu moja kati ya nane, na ustahimilivu wa minyoo umepungua nayo. Hivyo ndivyo Umaasaini kwenyewe, tangu miaka ya 1970, Red Maasai halisi alivyogeuka kuwa wa kutafutwa. Ndiyo maana majike wangu bora siwapi Dorper. Hupandwa na dume wa Red Maasai, nipate majike wa kurithi nafasi zao. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa wana wake hawapendezi mnadani.

Sasa dume mwenyewe. Kilo zake peke yake hazikwambii kitu. Uliza amewazidi wenzake kwa kiasi gani, wenzake wa umri mmoja waliokula malisho mamoja. Tofauti za uzito kati ya kondoo hutokana zaidi na chakula, maziwa ya mama na maradhi, na takriban robo tu ndiyo ya kurithiwa. Dume akiwazidi wenzake kwa kilo 10, robo yake ni kilo 2.5, na kwa kuwa mwana huchukua nusu ya jeni kwa baba, tarajia kilo 1 na robo hivi. Sio haba, maana utazipata kwa kila mwana. Lakini dume aliyenoneshwa kwa pumba na molasi siku za kuuzwa, pumba hazirithiwi.

Angalia pia kama alizaliwa pacha. Pacha aligawana maziwa, kwa hiyo huwa mdogo kuliko aliyenyonya peke yake. Ukichagua kwa macho tu utachukua wale wa pekee kila mara, huku ukiwatupa akina mama wanaozaa wawili.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Idd ikifika tunauza wana dume wakubwa kuliko wote, kisha waliobaki, wale dhaifu, ndio wanaopanda majike. Fanya hivyo miaka kadhaa na umechagua udogo kwa mikono yako. Mchague wa kubaki kabla dalali hajaingia bomani, na wengine wahasiwe. Naye dume asizeeke kundini hadi awapande binti zake: mwana wa baba na binti ana kiwango cha asilimia 25 cha kuzaliana ndani ya ukoo, na utakiona kwenye vifo na kudumaa.

Jeni za miujiza nakushauri uziache. Marekani, Oklahoma, mwaka 1983 alizaliwa dume aliyeitwa Solid Gold, mwenye mapaja yaliyofura misuli ajabu. Jeni yake, callipyge, huonekana kwa mwana aliyeirithi kwa baba tu, bila nakala ya mama. Nyama ilikuwa nyingi na isiyo na mafuta, ila ngumu. Nyama choma ya kutafuna hadi taya ziume nani ataagiza kilo ya pili?

Heri ushughulike na kope. Kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, hukuonyesha rangi ya ndani ya kope la kondoo, kuanzia nyekundu hadi nyeupe ya kukosa damu. Mimi huwapa dawa waliopauka tu na kuandika namba ya hereni. Jike anayerudi kwenye orodha kila msimu wa mvua namuuza, na mabinti zake siwabakizi kwa uzazi.