Muulize Kaka Mchezo: Minecraft Legends ni ileile Minecraft?

SWALI: Kaka, wanangu wawili wanapenda Minecraft kupita kiasi. Dukani hapa mjini nimeonyeshwa Minecraft Legends ya PS4. Ni ileile? Wataweza kucheza pamoja? — Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Dada yangu, jina ni la ukoo mmoja lakini mchezo ni mwingine kabisa. Legends ilitoka Aprili 2023, kazi ya Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft yenyewe, pamoja na Blackbird Interactive, na ni mchezo wa vita na mbinu. Mtoto hachimbi mawe wala hajengi nyumba kwa mkono wake. Yuko juu ya farasi, anawatuma viumbe wadogo wakamletee mbao na mawe, kisha anaunda jeshi la kuwazuia nguruwe wavamizi wanaotoka Nether, ulimwengu wa moto wa Minecraft. Hapo ndipo raha ilipo: golemu (askari wa kuundwa) wa mbao hushambulia kutoka mbali, wa mawe hupigana ana kwa ana, na wa mawe yenye kuvumwani (majani madogo ya kijani) huponya wenzake. Ukiwapeleka ovyo mbele ya ngome, wanaisha wote. Mimi naupenda kwa hilo, unamfunza mtoto kupanga.

Ila kwa wawili wenye mashine moja, sikushauri. Skrini haigawanyiki, kila mmoja anahitaji mashine yake na intaneti. Tena tangu Januari 2024 Mojang walitangaza hawataongeza mambo mapya. Wanunulie Minecraft ya kawaida ya PS4, yenyewe hugawa skrini, na uongeze padi (kidhibiti cha mkononi) ya pili.