Wakitaka kokoro lirudi, mtetee kuhe

Samaki wakipungua, hakosi mtu wa kusimama kwenye mkutano wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuomba marufuku ya kokoro, wavu unaoburutwa hadi ufukoni, ilegezwe, "angalau kwa muda." Mikutano hiyo nimeikalia sana, Katonga na Kibirizi, huku Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Wewe unayependa kumvua kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwa hili, kwa mshipi, usinyamaze. Ila usianze na sheria.

Sheria wanaijua. Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza kokoro, na mwenye mkopo wa nyavu na ada ya watoto shingoni hatishwi na kifungu. Anza na samaki mwenyewe. Wengi wetu tunamjua kuhe akiwa tayari ndani ya mtumbwi.

Kuhe hutaga chini ya maji, si mbali na ufuko. Dume na jike hulinda mayai, kisha vifaranga, kwa wiki kadhaa. Asubuhi ziwa likiwa shwari, chungulia pembeni ya mtumbwi: utawaona wawili hao wakubwa, na karibu yao vitoto vimejikusanya kama moshi, vikihama pamoja kila wanapohama. Kipindi chote hicho wazazi hawali vya kutosha, wanakonda. Watafiti wengi wanaamini huzaa mara moja tu maishani. Kwa hiyo kokoro likiburutwa pale, wazazi wamekwenda, mayai yametimuliwa, na hao hawana mwaka wa kujaribu tena. Niliwahi kueleza hivyo, na mzee mmoja mwenye kokoro, aliyekuwa mkali tangu mwanzo, akaanza kuuliza vifaranga hukaa upande gani wa ufuko.

Utaambiwa pia kwamba ziwa lilishapumzishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, basi yatosha. Jibu kwa heshima: mapumziko ni jambo jema, lakini ziwa likifunguliwa, kokoro litapita palepale kuhe wanapolelea.

Usiende peke yako. Ukiongea mwenyewe utaonekana unatetea starehe yako ya Jumapili. Waombe akina mama wachuuzi waseme, maana wao ndio wanaojua kuhe mkubwa anaingiza nini kuliko beseni la vitoto vya samaki. Mwalike afisa uvuvi, na kama inawezekana mtu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, pale Kigoma. Wenye kokoro usiwaite wahalifu, ni jirani zako, na kesho mtazikana. Wasaidie wadai mkopo wa nyavu halali. Hilo nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu mtu hawezi kuacha chombo akabaki mikono mitupu.

Na wewe mwenyewe, ukiona wazazi na vifaranga, kunja mshipi uhamie kwingine. Watu wanakutazama.

Kabla ya kuondoka, mwombe katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, akusomee muhtasari kwa sauti. Pingamizi lako kama halimo, aliandike hapohapo, kabla mwenyekiti hajatia sahihi.