Kitako cha Kukunja kwenye Mini-14: Soma Sheria Kabla ya Kununua

Wenzangu wa kutoka nyumbani wakiiona bunduki yangu kwenye uwanja wa shabaha hapa Texas, huulizia kitako tu, kile kipande cha nyuma kinachoegemezwa begani. Kinakunjwaje? Umekitoa wapi? Pesa ngapi? Nami huwauliza: una makaratasi gani, na gari lako huwa linakwenda majimbo gani? Wengine hudhani nawakwepa. Siwakwepi. Kwa mtu ambaye bado si raia wa nchi hii, kitako cha kukunja kinaweza kumtia matatani kuliko kifaa kingine chochote halali atakachokifunga kwenye bunduki, na muuzaji hana wajibu wa kumwambia hivyo.

Bunduki yenyewe ni Ruger Mini-14. Ilianza kuuzwa miaka ya 1970. Kampuni ilichukua mtindo wa M14, bunduki ya jeshi la Marekani, ikaupunguza ili utumie risasi ndogo ya .223. Ni ya nusu otomatiki: ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, gesi inasukuma mtambo nyuma, ganda linaruka nje, na risasi nyingine inapanda kutoka kwenye magazini, yaani kasha la risasi. Ukitaka nyingine, vuta tena. Wafugaji wanaipenda kwa sababu ni nyepesi na haisumbui kwa vumbi, na huku Texas nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba wamewapa watu wengi sababu ya kuwa nayo.

Zamani Ruger wenyewe walitengeneza Mini-14 yenye kitako cha kukunja, ile iliyoandikwa Mini-14/5F, kisha wakaacha. Siku hizi kampuni ya Samson inauza kitako kiitwacho A-TM, kilichofuata sura ya kile cha kiwandani: mbao mbele, mshiko wa bastola, na mkono mwembamba wa chuma unaojikunja kando. Hicho ndicho kilicho kwenye bunduki yangu.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Mwaka 1994 serikali kuu ilipopiga marufuku silaha walizoziita za kushambulia, iliambatanisha orodha ya bunduki ambazo haizigusi. Mini-14 ilikuwamo, na kando ya jina lake pameandikwa: isiyo na kitako cha kukunja. Mtutu ni ule ule, risasi ni ile ile, kifyatulio ni kile kile. Sheria hiyo iliisha muda wake Septemba 13, 2004, lakini fikra yake haikuisha, imehamia kwenye majimbo. New Jersey inaitaja K-Mini-14/5F, ya kitako cha kukunja, kwa jina katika orodha yake ya silaha zilizokatazwa. Maryland nayo inaitaja Mini-14 ya kitako cha kukunja. Kule California na New York, bunduki ya nusu otomatiki ya risasi kama hiyo ya .223, yenye magazini ya kuchomoka, ikiwekewa kitako cha kukunja tu inahesabiwa kuwa silaha ya kushambulia, hata kama haina kitu kingine chochote. Mwenye Mini-14 ya mbao za kawaida anaweza kulala usingizi wake California. Aibadilishe kitako jioni hiyo, na kesho yake anamiliki kitu kinachoweza kumpeleka gerezani.

Kwa mzawa, hilo ni suala la wakili na faini, pengine na jela. Kwetu sisi lina mlango wa pili. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kuondolewa nchini. Hata mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Hata aliyekaa hapa tangu utotoni. Ndiyo maana huwa nauliza makaratasi kabla ya kujibu bei.

Na hapo hapo niseme: mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kununua bunduki, anajaza fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni, na anachunguzwa kama wengine. Fomu inauliza wazi hali yako ya uhamiaji. Kudanganya humo ni jinai. Lakini mwenye viza ya muda, wakiwemo wanafunzi wetu, kwa kawaida haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa aingie katika misamaha michache, kwa mfano awe na leseni halali ya kuwinda. Neno kuwa nayo ni pana. Kuishika bunduki ya rafiki uwanjani ni kuwa nayo. Kwa hiyo ukija kunitembelea na viza ya masomo, nitakupikia pilau, ila bunduki sitakupa uijaribu, na usiniwazie kuwa nina roho mbaya.

Kuna vipimo viwili vya kukariri. Mtutu wa bunduki usipungue inchi 16, na urefu wote usipungue inchi 26. Serikali kuu hupima urefu huo kitako kikiwa kimekunjuliwa, lakini yapo majimbo yanayopima kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo usichukulie kipimo cha Texas ukaenda nacho kwingine. Kufupisha mtutu chini ya inchi 16 kabla ya kuisajili bunduki kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ni kosa kubwa. Usimruhusu fundi wa mtaani akuambie ni kazi ya msumeno tu.

Safari nayo ina mambo yake. Ipo sheria ya mwaka 1986 inayomlinda mtu anayepita na silaha kutoka jimbo anakoruhusiwa kwenda jimbo anakoruhusiwa, mradi haina risasi na haifikiki kutoka kwenye viti vya gari. Gari lisilo na buti, iwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa kufuli. Huo ni ulinzi wa kupita. Ukisimama New Jersey kwa shemeji ukalala siku mbili, usitegemee kwamba bado unapita. Mimi nikienda pwani ya mashariki bunduki inabaki nyumbani. Na kwa walio na jamaa Kanada: tangu Mei 1, 2020 Mini-14 imepigwa marufuku kule, yenye kitako chochote. Wakanada wana kumbukumbu nayo chungu, maana ndiyo iliyotumika kuua wanawake 14 katika chuo cha École Polytechnique, Montréal, Desemba 6, 1989. Mwenye bunduki hii afahamu hilo, na asishangae watu wakikunja uso wakisikia jina lake. Kuhusu kuipakia kwenye kontena la mizigo ya Mombasa au Dar, hata kipande kimoja, nasema usithubutu. Silaha na vipuri vyake vina sheria za kutoka Marekani na nyingine za kuingia nyumbani.

Ukishajua uko upande salama, tuzungumze ufundi, na hapa nitakuwa mkaidi: kitako kiwe cha mwisho kununuliwa. Kwanza pesa iende kwenye risasi za kujifunzia na vizuizi vya masikio vilivyo bora. Kisha magazini. Mini-14 inachagua sana magazini. Za Ruger mwenyewe ni ghali lakini zinalisha vizuri, na bunduki nyingi zinazolaumiwa kwa kukwama zina magazini za bei rahisi tu. Kisha mkanda wa kubebea. Kisha, ukipenda, kioo kidogo cha kulengea chenye nukta nyekundu.

Usisahau umri wa bunduki unayoinunua. Zile za zamani zina mtutu mwembamba. Ukipiga mfululizo unapata joto na risasi zinaanza kutawanyika kwenye karatasi. Toleo la 580, lililoanza mwaka 2005, lilitoka kwenye mitambo mipya, na baadaye mtutu ukanenepeshwa. Ukiweza, nunua hilo, itakuwa nafuu kuliko kununua la zamani na vyuma vya kuuimarisha mtutu. Jambo jingine ni maganda. Mini-14 hutema ganda kwa nguvu nyingi, linaweza kumfikia jirani wa pale uwanjani. Wapo wanaobadilisha kile kibomba kidogo cha gesi kuweka chenye tundu dogo zaidi, na kweli bunduki inatulia. Ila tundu likiwa dogo mno, risasi dhaifu hazitakuwa na nguvu ya kurudisha mtambo, utakwama kila mara. Afadhali tundu la wastani na bunduki inayofanya kazi.

Kubadilisha kitako hakuhitaji fundi. Toa magazini. Vuta mtambo nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Rudisha mtambo mbele, weka kufuli ya usalama, halafu vuta kile chuma kinachozunguka kifyatulio. Kitafunguka, na kasha zima la kifyatulio litatoka. Mtutu na mtambo vinanyanyuka kutoka kwenye mbao. Kurudisha ni kinyume chake. Kitu cha kusikiliza kwa mkono ni ule ugumu wa mwisho wakati wa kufunga: pakifunga kwa kulegea, bunduki itachezacheza ndani ya mbao na shabaha itakuwa leo hapa kesho pale. Ukimaliza, kunja kitako, hakikisha hakizibi njia ya ganda wala mkono wa kuvutia mtambo. Kikunjue, kitikise. Kiungo kikiwa na mchezo kikiwa kipya, kirudishe dukani. Halafu nenda kalenge upya, usidhani shabaha imebaki ilipokuwa.

Matumizi yake? Kwangu faida ni ya kubebea: nyuma ya kiti cha pikapu ya shamba, au kwenye boksi fupi. Kupiga nayo ikiwa imekunjwa ni kupoteza risasi, na sijaona sababu. Ikikunjuliwa, chuma kile chembamba hakina pa kuweka shavu. Kwa tundu la kulengea la kiwandani inatosha, kichwa kinakaa chini panapofaa. Ukifunga darubini ndefu juu yake, shavu linaning'inia hewani, shingo inachoka, na kila risasi unaipiga ukiwa na mkao tofauti. Mwenye kutaka darubini abaki na kitako cha kawaida.

Ufupi huo una hatari yake nyumbani. Bunduki iliyokunjwa inaingia kabatini chini ya nguo, inaingia kwenye begi la shule la mtoto. Nunua sefu ya chuma, ifungie ukutani, risasi ziwe na kufuli yake. Ukimwambia mkeo au mumeo ilipo, mwambie pia kwamba mtoto asijue namba ya sefu.

Na kile kitako cha mbao ulichokitoa usikiuze. Kipanguse mafuta, kifunge kwenye kitambaa, kiweke. Kazi ikikuhamishia California, utairudisha bunduki kwenye mbao zake hapa hapa Texas kabla ya kuvuka mpaka, na kitako cha kukunja utamwachia mtu wa huku au utamuuzia. Kisha utasoma sheria za kule za kuingia na bunduki kama mkazi mpya, maana wanataka iripotiwe ndani ya siku 60.