Epoksi au yurethani? Sema kwanza unapaka wapi

Kati ya epoksi na yurethani, ipi bora?
Swali hili haliishi kuja, na muulizaji hasemi anapaka nini wala wapi. Zote mbili ni kemikali za majimaji za kupaka au kubandika, ambazo huganda. Epoksi ni ngumu, hushika chuma na zege barabara, lakini jua huifanya iwe manjano na itoe unga. Yurethani hunyumbuka, na aina yake iitwayo alifatiki huvumilia jua. Ndiyo maana madaraja ya chuma mara nyingi hupakwa zote mbili: epoksi chini, yurethani juu.

Niliongeza hadena (ile sehemu ya pili, ya kugandisha) ili epoksi iwahi kukauka. Siku ya tatu leo, bado inanata.
Inanata kwa sababu uliongeza hadena! Nimeshalisema hili mara nyingi. Epoksi haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukuta. Resini, yaani sehemu ya kwanza, na hadena huungana, kila moja ikimshika mwenzake. Hadena iliyozidi haina wa kumshika, hivyo hubaki humo ikiilainisha kazi yako. Tena angalia kipimo cha kuchanganya kwenye kopo: 2 kwa 1 ya ujazo si 2 kwa 1 ya uzito. Ukiwa na haraka, nunua hadena ya haraka. Sasa kwangua yote, piga msasa, anza upya; ukipaka juu ya hiyo inayonata, utaibandua yote pamoja. Na usikoroge kopo zima kwa mpigo, maana mchanganyiko mwingi hujichemsha wenyewe mpaka ukafuka moshi.

Mbona yurethani yangu imejaa mapovu?
Unyevu. Isosayaneti, kemikali ya kugandisha iliyomo, ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi. Zege lilikuwa bichi, na hukulipima.

Ipi itaziba ufa wa tangi la polithini?
Hakuna. Lichomelewe kwa joto.

Kioo cha mbele cha gari nikibandike kwa epoksi?
Hapana. Bodi hujipinda njiani, na gundi isiyonyumbuka itakipasua kioo. Ni yurethani ya vioo, na usiliondoe gari kabla ya muda ulioandikwa.

Nikipulizia yurethani ya makopo mawili, barakoa ya kitambaa yatosha?
Haitoshi hata kidogo. Isosayaneti huleta pumu, na mwili ukishaanza kuikataa, chembe kidogo tu hukubana kifua. Tumia kifaa kinacholeta hewa safi kwa mpira kutoka nje, au mwachie mwenye nacho. Wa epoksi nanyi msijione salama: ngozi nayo hukataa, na ikikataa ufundi umekwisha. Vaa glavu za nitraili. Ukichafuka, nawa kwa sabuni, kamwe si kwa thina, kwani thina huibeba resini na kuipenyeza ndani ya ngozi.