Glaida ya kwanza: pima mizani kabla hujarusha

Maswali ya glaida za rimoti, zile ndege ndogo nyepesi zenye mota, yamekua mengi, na nusu yake ni lile lile moja, kwa hivo naanza nalo.

Nimerusha glaida yangu ya povu mara tatu. Kila nikiiachilia yapanda pua juu, yasimama hewani, halafu yaanguka. Rimoti ni mbovu? (Kisauni)

Rimoti haina kosa, mkia ndio mzito. Hili nshalijibu sana na bado watu watoa ndege kwenye boksi asubuhi, jioni washafika uwanjani bila kupima mizani! Funga kila kitu, betri ndani, kifuniko juu, kisha iinue kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa pale kwenye alama ya mtengenezaji. Kama hakuna alama, anzia kati ya robo na thuluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, yaani bawa lenye upana wa sentimita 20 vidole vikae kwenye 5 mpaka 6 na nusu. Ikilala sawa au pua ikainama kidogo, sawa. Mkia ukishuka usirushe. Sogeza betri mbele, na isipotosha nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi ununue chubwi, ile risasi ya mshipi, ugundishe ndani ya pua.

Pua ikizidi kupanda kasi yaisha, hewa yaachana na bawa, na hapo hakuna tena kinachoibeba ndege. Otto Lilienthal, yule Mjerumani aliyeruka na glaida zake mwenyewe, alianguka namna hiyo 1896 na kesho yake akafariki. Mizani si jambo dogo ndugu yangu.

Nikajifunzie pwani ya Nyali? Kuna upepo mzuri. (Kongowea)

Hapana. Kuna watoto, waogeleaji, ngamia, na upepo watoka baharini kwa hivo ndege ikikushinda yaenda kwenye minazi na mapaa ya watu. Mchanga nao waingia kwenye mota. Tafuta uwanja mpana wenye nyasi, mbali na kiwanja cha ndege cha Moi hapa Mombasa, bandari na kambi za jeshi, na kabla ya yote waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, sheria za vyombo visivyo na rubani zipo tangu 2020, usingoje askari ndio akueleze.

Saa ngapi upepo unafaa?

Alfajiri, majani ya mnazi yakiwa yatikisika kidogo tu. Kusi ya Juni na Julai mwachie mwenye uzoefu. Kama tiara ya mtoto yavuta uzi mpaka yamuumiza vidole, rudi nyumbani.

Kurusha ni kutupa juu kwa nguvu?

La. Elekea upepo unakotoka, mabawa sawa, mota nusu au zaidi kidogo, isukume mbele moja kwa moja kama mkuki, usiielekeze mbinguni. Kisha mikono itulie. Anayeanza huvuruga ndege kwa kushika vijiti vya rimoti kila saa, ilhali glaida yenye mabawa yaliyoinuka kidogo kwenye ncha yajirudisha sawa yenyewe ukiiacha. Pandisha mita 50 hivi ndio uanze kukata kona, kidogo kidogo.

Na kabla ya hapo, kila siku, si siku ya kwanza tu: washa rimoti kwanza ndio uunge betri ya ndege, ukimaliza toa ya ndege kwanza. Simama nyuma ya ndege, peleka kijiti kulia, usukani wa mkia uende kulia. Nimeona ndege mpya imevunjika sekunde ya tatu kwa sababu usukani ulikua kinyume na hakuna aliyetazama.

Ikinijia nachanganyikiwa kulia na kushoto.

Sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, itanyooka.

Imeanguka baharini, nianike juani nirushe tena? (Likoni)

Usithubutu. Betri ya lithiamu ikiingia maji ya chumvi yaweza kushika moto hata baada ya masaa, itoe, iweke nje mbali na nyumba, usiichaji tena kabisa. Mota na waya suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha siku kadhaa, na kipokezi, kile kinachopokea amri za rimoti, badilisha hata kikiwaka, maana chumvi yala ndani taratibu na kitakuzimikia ndege ikiwa juu ya watu.