Jibu: 65 inageuka "A" nikiibadili kuwa stringi (maandishi)

Ndugu, umeuliza kwa nini string'(x) kwenye SystemVerilog, lugha ya kubuni na kupima saketi za kidijitali, inakupa "A" wakati x ni 65. Simyuleta yako (programu inayoendesha msimbo huo) haina kosa. Ukiandika hivyo, lugha haiiandiki namba. Inachukua biti zenyewe na kuzisoma nane nane kama herufi za ASCII, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, na humo 65 ni A.

Ukitaka "65" yenyewe, tumia $sformatf("%0d", x). Inarudisha stringi papo hapo, kwa hiyo unaweza kuipachika hata ndani ya ujumbe wa kosa. Iangalie vizuri hiyo sifuri baada ya alama ya asilimia. Ukiiacha, x ya biti 8 yenye thamani 7 inatoka ikiwa na nafasi mbili tupu mbele, "  7", na ukiilinganisha na "7" unaambiwa hazifanani. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa hilo, maana kwenye logi zote mbili zilionekana sawa kabisa.

Ipo pia s.itoa(x), inayoiandika namba ndani ya stringi s, ila inapokea biti 32 tu. Anwani ya biti 64 itakatwa nusu yake ya juu kimyakimya, ndiyo maana mimi siitumii. Kwa anwani weka %0h ndani ya $sformatf, itoke kwa heksadesimali.

Enamu (aina yenye orodha ya thamani zilizopewa majina) ni rahisi: kama kigezo chako kinaitwa hali, hali.name() inakupa jina ulilolitangaza. Lakini enamu ya aina ya logic ambayo biti zake bado ni x, yaani hazijulikani (si ile x yako), kabla ya riseti hurudisha stringi tupu, basi chapisha na thamani yake kwa %b (biti kwa biti) pembeni. Kwa struct nzima, yaani data kadhaa zilizofungwa pamoja, %p inatosha.