Friji la stoo linalozima lenyewe
Dada, kama friji lako la zamani huko stoo Njombe linalala usiku na kuamka mchana, usiite fundi bado. Juni na Julai baridi ya huko hushuka chini ya nyuzi 10, na kwa mafriji mengi ya milango miwili themostati (kifaa kinachopima ubaridi na kuwasha au kuzima friji) hupima sehemu ya chini tu, si friza ya juu. Ikikuta tayari pana nyuzi 4 au 5 haiwashi kompresa (mota inayoleta baridi), nyama kwenye friza inayeyuka. Lihamishie jikoni kwenye joto zaidi uone.

Ila likinguruma sekunde chache, "tak", kimya, halafu tena, hapo shaka ni relei (kifaa kidogo kinachoanzisha kompresa) au umeme mdogo. Pima umeme wa soketi kwanza. Ikiwa chini ya volti 200, relei mpya haitasaidia kitu.